Daftari ni Shahidi

Wazee wetu wametuachia methali isemayo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtoto wa shule aijua, na wengi huiandika katika insha zao kwa mwandiko mzuri. Lakini ukimwuliza mwandishi wa insha, "Na wewe, daftari lako la fedha li wapi?" atacheka, kwa kuwa adhani daftari ni jambo la wenye maduka makubwa, na mabenki, na serikali. Atakujibu, "Mimi nina shilingi 500 tu mfukoni, niziandikie nini?"

Mimi sikubaliani naye, nami nataka kuwaonyesha mambo mawili, enyi wanafunzi. La kwanza, ya kuwa kuweka hesabu ya fedha si kazi ngumu. Ajuaye kujumlisha na kutoa aiweza. La pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza, ya kuwa daftari si la kutafutia utajiri tu. Daftari ni shahidi. Humzuia mwenye mali asijidanganye, na humlinda asiye na mali asisingiziwe. Jambo hili la pili sikulisoma kitabuni. Lilinipata mwenyewe, na kwa hiyo nitalisimulia kwanza.

Mwaka 1996 nalikuwa mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha wilaya ya Korogwe. Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili na mahindi ya akiba, akapata shilingi 200,000, akafungua duka. Shilingi 20,000 alinunua mizani na kutengeneza rafu. Shilingi 180,000 akanunua bidhaa mjini: sukari, chumvi, sabuni, majani ya chai, mafuta ya taa, viberiti, na biskuti. Kila alasiri nikitoka shule, na Jumamosi kutwa, nalikaa dukani kumsaidia. Fedha zote zilitiwa katika kisanduku cha mbao kilichokuwa chini ya meza. Kufuli hakikuwa nacho, wala daftari hapakuwa nalo.

Duka likachangamka. Mjomba alikuwa mtu wa watu, hajui kumwambia jirani "sina". Wateja hawakukatika tangu asubuhi hata usiku. Zikapita juma 24. Hata siku moja rafu zilipokuwa karibu nusu tupu, mjomba akafungua kisanduku ili aende mjini kununua bidhaa, akakuta shilingi 10,000, wala hapana zaidi.

Akaketi juu ya gunia, akafikiri. "Nimeuza kila siku tangu mwanzo wa mwaka. Fedha zi wapi?" Na mtu akijiuliza swali kama hilo bila daftari, jawabu huja upesi, nalo huwa ni jina la mtu. Jina lililokuja lilikuwa langu.

Nilikatazwa kukanyaga dukani. Mama yangu alipoitwa kuambiwa habari hiyo na ndugu yake mwenyewe, hakujibu neno. Alijifunika kanga usoni, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Shuleni wenzangu walinipa jina la Panya. Kisha mjomba akatangaza ya kuwa siku ya Jumamosi atamwita mganga, na watu wote wa nyumba watakula kiapo.

Ijumaa jioni mwalimu wetu wa hesabu, mzee aliyekaribia kustaafu, alipita dukani kununua kiberiti. Mimi nalikuwa nimesimama nje, karibu na mlango.

"Nasikia mmepata msiba wa fedha," akanena.

"Tumeibiwa, Mwalimu," mjomba akajibu.

"Poleni sana. Mmeibiwa kiasi gani?"

Mjomba akanyamaza. Hakujua.

"Ndugu yangu," mwalimu akanena kwa upole, "mtu asiyejua alichoibiwa, amejuaje ya kuwa ameibiwa?"

Akauliza kama zipo stakabadhi za bidhaa zilizonunuliwa mjini. Mjomba akasema hazipo. Lakini mkaza-mjomba akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani yake alikuwa amezihifadhi stakabadhi zote, moja moja, wala hakuna aliyemwagiza. Mwalimu akaniita nilete daftari langu la shule na kalamu. Taa ikawashwa. Akaanza kuandika, nami nikisimama nyuma ya bega lake.

Stakabadhi zote, pamoja na zile za kwanza, zilifika jumla ya shilingi 890,000. Bidhaa zilizobaki rafuni tukazihesabu, zikawa za shilingi 90,000. Basi bidhaa zilizokwisha kutoka dukani zilikuwa zimenunuliwa kwa shilingi 800,000. Mjomba alikuwa na desturi ya kuuza kwa shilingi 120 kitu alichonunua kwa shilingi 100. Kwa hiyo mauzo yote yalikuwa shilingi 960,000.

Mwalimu akaandika hivi:

Mauzo yote: shilingi 960,000.
Toa bidhaa zilizonunuliwa baada ya zile za kwanza: shilingi 710,000.
Toa kodi ya chumba kwa miezi sita: shilingi 30,000.
Toa nauli na upakiaji: shilingi 24,000.
Toa taa na karatasi za kufungia: shilingi 6,000.
Fedha iliyopasa kuwamo kisandukuni: shilingi 190,000.
Fedha iliyomo: shilingi 10,000.
Fedha isiyoonekana: shilingi 180,000.

Mjomba alipoiona hesabu hiyo akapiga meza kwa kiganja, akanitazama. Moyo wangu ukashuka. Lakini mwalimu hakuweka kalamu chini. Akauliza, "Tangu mwezi wa kwanza, umetoa fedha kisandukuni kwa jambo gani lisilokuwa la duka?"

Mjomba akafikiri, akakumbuka ada ya mwanawe wa sekondari, shilingi 40,000. Akakumbuka bati za nyumba, shilingi 48,000. Akakumbuka mazishi ya shemeji yake, shilingi 15,000. Kila alipotaja, mwalimu aliandika, wala hakusema neno.

Mkaza-mjomba akanena, "Na sukari na sabuni na mafuta ya taa tunayochukua nyumbani kila siku?"

"Hiyo si fedha," akasema mjomba. "Hiyo ni bidhaa yetu wenyewe."

"Ni bidhaa ya duka," mwalimu akajibu. Wakakadiria shilingi 200 kwa siku, bei ya dukani. Kwa siku 168 ikawa shilingi 33,600. Mjomba akashangaa sana, maana kila siku alikuwa ameona ni kijiko cha sukari tu.

Mwisho wakataja majina ya watu waliokopa. Mjomba aliwahesabu kwa vidole. Mkewe akamkumbusha wale aliowasahau. Jumla ikawa shilingi 43,000.

Mwalimu akajumlisha yote, ikawa shilingi 179,600. Zikabaki shilingi 400 zisizo na mwenyewe. Akageuka akanitazama, si kwa ukali.

"Biskuti," nikasema kwa sauti ndogo.

Ni kweli. Kila nilipoachwa peke yangu na njaa ya alasiri, nalichukua biskuti moja, na siku nyingine mbili, wala sikumwambia mtu. Najua ya kuwa hesabu ya kukumbuka haiwezi kuwa kamili hata senti ya mwisho; huenda biskuti zangu zilikuwa pungufu kidogo ya hapo, au zaidi. Lakini kosa langu lilikuwa la biskuti, nami nalihukumiwa kwa kosa la bati, na ada, na mazishi, na mikopo ya kijiji kizima. Hapo ndipo nilipojifunza ya kuwa pasipo na daftari, hapana tofauti kati ya mla biskuti na mwizi wa duka.

Mganga hakuitwa. Wazee wa kwetu hawana desturi ya kumwomba mtoto radhi kwa maneno, na mjomba hakuniomba. Lakini Jumatatu aliniita mbele ya watu, akanipa fedha mkononi, akanituma mjini nikamnunulie daftari nene lenye jalada gumu. Aliponipa fedha zile hakuzihesabu mara mbili. Mama yangu aliposikia, alicheka kwa mara ya kwanza katika juma lile.

Basi, wanafunzi wapenzi, tuitazame hesabu ile ya mwalimu, kwa maana ndani yake mna mafundisho ya biashara ambayo watu wengine huyalipia kwa hasara ya maisha.

Fundisho la kwanza: fedha iliyomo kisandukuni si faida. Mteja akinunua kitu cha shilingi 120, fedha ile ina wenyewe watatu. Shilingi 100 ni za bidhaa. Lazima zirudi mjini kununua kitu kingine cha kujaza pengo rafuni. Katika duka la mjomba, shilingi 7 na nusu zilikuwa za kodi, na nauli, na taa. Shilingi 12 na nusu zilizobaki ndizo faida yake. Mtu aonaye shilingi 120 akafurahi kana kwamba zote ni zake, amehesabu mara kumi ya haki yake, au karibu na hapo.

Fundisho la pili: duka na mwenye duka ni wawili. Faida ya mjomba kwa muda ule ilikuwa shilingi 100,000. Ndiyo mauzo 960,000, kutoa gharama ya bidhaa 800,000, kutoa matumizi ya duka 60,000. Lakini yeye na nyumba yake walichukua shilingi 136,600. Kwa hiyo walikula faida yote, kisha wakala shilingi 36,600 za mtaji. Mkulima akila mahindi ya ghala hajafanya kosa, maana ndiyo aliyolimia. Lakini akianza kula mahindi ya mbegu, mvua itanyesha naye hana la kupanda. Mtaji ni mbegu. Wala sisemi ya kuwa mjomba alifanya mabaya kumlipia mwanawe ada, au kumzika shemeji yake. Hayo ni mambo ya utu. Nasema ilimpasa ayaandike, ili ajue kama analipa kwa faida au kwa mbegu. Mwenye duka mwenye busara hujiwekea kiasi fulani kwa mwezi, kama mshahara, na kila akitoa huandika, ijapokuwa sukari ya chai.

Fundisho la tatu: deni ni mali, lakini si fedha. Zile shilingi 43,000 zilikuwa haki ya mjomba, walakini hakuweza kuzipeleka mjini kununua sabuni. Duka laweza kuwa na faida nyingi katika karatasi, na rafu zikawa tupu, kwa sababu faida yote imelala katika mikono ya majirani. Nanyi mwajua tuliyofundishwa: kukopa harusi, kulipa matanga. Wale waliokopa kwa mjomba, wengine walilipa walipoonyeshwa majina yao. Wengine walikana, na hapakuwa na andiko la kuwashuhudia.

Sasa mtazame jambo moja la ajabu. Tukiandika upande mmoja mali yote iliyoonekana usiku ule, na upande wa pili tukaandika mali hiyo imetoka wapi, twapata hivi:

Upande wa kwanza. Mizani na rafu: shilingi 20,000. Bidhaa: shilingi 90,000. Fedha wanazodaiwa watu: shilingi 43,000. Fedha taslimu: shilingi 10,000. Jumla: shilingi 163,000.

Upande wa pili. Mtaji wa mwanzo: shilingi 200,000. Faida: shilingi 100,000. Jumla: shilingi 300,000. Toa aliyochukua mwenyewe: shilingi 136,600. Toa biskuti: shilingi 400. Baki: shilingi 163,000.

Pande mbili zimelingana, kama mizani iliyotulia; na kwa sababu hiyo hesabu ya namna hii yaitwa mizania. Zisipolingana, mwenye kuandika ajua ya kuwa amesahau jambo, naye hana haja ya kumshuku mtu kabla hajarudi kulitafuta.

Yule mwalimu hakuibuni njia hii. Ni njia ya kale, na historia yake yatufundisha ya kuwa hapana taifa moja liwezalo kusema, hesabu ni yetu peke yetu. Katika nchi ya Iraki, katika mji wa kale ulioitwa Uruk, wataalamu wamefukua vibao vya udongo vilivyoandikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Vimo miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya wanadamu tuyajuayo. Nayo yasema nini? Mengi si hadithi wala nyimbo. Ni hesabu za shayiri, na mifugo, na vyakula walivyogawiwa watu wa kazi. Kabla mwanadamu hajaandika hadithi zake, aliandika nani amepokea nini.

Miaka mingi baadaye wafanya biashara wa Ulaya walikuwa wakiandika kwa tarakimu za Kirumi, ambazo ni taabu kuzijumlisha. Mtoto mmoja wa Italia, Leonardo wa Pisa, alipelekwa na baba yake katika mji wa Bugia, pwani ya Algeria, bara letu hili la Afrika. Huko akajifunza tarakimu zilizotoka India, ambazo Waarabu walizieneza. Mwaka 1202 akaandika kitabu cha kuwafundisha watu wa kwao. Ndizo tarakimu tunazoandika sisi leo.

Kisha wafanya biashara wa miji ya Italia wakaanza kuandika kila jambo mara mbili: kitu kilichoingia, na mahali kilikotoka. Mji wa Genoa ulikuwa ukiweka vitabu vyake hivyo mwaka 1340. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli, alipiga chapa mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaieleza njia ile ya wafanya biashara. Yeye hakuivumbua, bali aliifundisha kwa watu wote. Aliwaagiza wawe na vitabu vitatu: cha kuandika mambo upesi yanapotokea, cha kuyapanga siku kwa siku, na kitabu kikuu chenye pande mbili. Naye aliwaambia waanze kwa Jina la Mungu. Nafikiri agizo hilo halikuwa la mapambo. Mtu aandikaye Jina la Mungu juu ya ukurasa, kisha akaandika uwongo chini yake, ajua anafanya nini.

Nayajua maneno ya wale wasiokubali. Wengine husema, "Mimi nina kichwa chema, nitakumbuka." Mjomba naye alikuwa na kichwa chema, aliweza kutaja ng'ombe wa babu yake kwa majina. Lakini hakukumbuka kijiko cha sukari cha siku 168. Kichwa hukumbuka jambo kubwa na jambo lenye uchungu, nayo mali haipotei kwa makubwa tu. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimwaga vilevile.

Wengine husema, "Ndugu hawaandikiani, kuandikiana ni kukosa kuaminiana." Neno hili lina sura ya upendo, lakini mimi naliona kuwa la hatari kuliko yote. Ni kwa sababu hakikuandikwa kitu ndipo mjomba akamshuku mtoto wa ndugu yake. Daftari haliondoi imani katika nyumba. Huilinda imani isiingiliwe na wasiwasi. Bwana wetu alipotaka kuwafundisha watu wapime gharama ya kumfuata, alichukua mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu kama fedha yake yatosha. Na jirani zetu Waislamu wameagizwa katika Korani, katika sura ya Al-Bakara, waandike madeni yao na kuweka mashahidi. Hatusikii ya kuwa maagizo hayo ni kwa maadui tu.

Wengine tena husema, "Lakini daftari nalo laweza kuandikwa uwongo." Ni kweli, na hao wamenena jambo la haki. Ndiyo maana stakabadhi hutunzwa, ili andiko lithibitishwe na andiko jingine. Na ndiyo maana yafaa hesabu isomwe na mtu wa pili asiyeishika fedha ile. Dawa ya daftari la uwongo ni macho mengi. Kuacha kuandika si dawa.

Neno hili la macho mengi lina uzito zaidi pale fedha inapokuwa ya watu wengi pamoja. Tazameni vyama vya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, kiitwacho KNCU kwa kifupi, mwaka 1933, nao wakauza kahawa yao pamoja. Kazi kama hiyo haiwezekani bila karatasi. Mkulima akileta kahawa yake hupimiwa, kilo zake huandikwa, naye hupewa stakabadhi. Na malipo yakija, stakabadhi ile ndiyo ulimi wake. Asiyejua kuisoma atapokea apewacho, na kushukuru, naye hajui kama ameonewa.

Kwa hiyo nasema wazi: mweka hazina wa chama, awe wa ushirika, au wa kanisa, au wa timu ya mpira ya shule, asikasirike akiombwa kuonyesha daftari. Ni wajibu wake alionyeshe kabla hajaombwa. Na mwanachama asione haya kuuliza. Mweka hazina mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa daftari lake humtetea siku watu wanenapo vibaya. Yule akasirikaye, mwulizeni mara ya pili.

Sasa narudi kwa mwenye shilingi 500 mfukoni. Rafiki yangu, chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika kilichoingia, na siku yake. Upande wa pili andika kilichotoka, na kilikwenda wapi. Kila Jumamosi jumlisha pande zote mbili, utoe moja katika nyingine, kisha uhesabu fedha uliyo nayo. Zikilingana, furahi. Zisipolingana, usimtazame ndugu yako. Tazama kwanza karatasi, kisha jitazame mwenyewe. Kuku wako wakitaga, andika mayai na chakula cha kuku. Ukitumwa dukani na mama, mletee chenji pamoja na hesabu, ijapokuwa hakukuuliza. Fanya hivyo mwaka mmoja, nawe utakuwa umejua mambo ambayo mjomba wangu aliyajua akiwa na mvi.

Na ukiona umekula biskuti, ziandike nazo. Ukurasa wa kwanza wa lile daftari nene niliuandika mimi kwa mkono wangu, mjomba akinisomea. Tulianza na mtaji, tukaandika bidhaa, tukaandika madeni kwa majina. Tulipofika mwisho, mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na zile shilingi 400, mwanangu, ziandike." Nikaziandika, na jina langu mbele yake. Nalilipa kwa kuchota maji siku nne. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Panya tena.